Mahindi yenye kuvu: Sumu inayopitia mikono ya watu wengi

Je, msomaji, ugali ulioula jana jioni ulipitia mikono ya watu wangapi kabla ya kufika sahanini mwako? Ikiwa waishi mjini, bila shaka hujui. Kuna mkulima aliyeyavuna mahindi, vibarua walioyapukuchua, dalali aliyeyanunua, dereva wa lori, mwenye ghala, mwenye kinu na mwisho mwenye duka. Juma hili nataka tuifuate safari hiyo, kwa sababu mahali popote njiani mahindi hayo yaweza kuingiwa na sumu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala ladha, na ambayo moto wa jikoni hauiwezi.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Wakenya wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui na wengine Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafariki. Yaani katika kila wagonjwa watano, karibu wawili walizikwa. Hicho ni miongoni mwa visa vibaya zaidi vya sumu hii kupata kuandikwa popote duniani. Wala hakikuwa cha kwanza kwetu. Mwaka wa 1981, huko huko Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa sababu iyo hiyo na 12 wakafa.

Wachunguzi walipofuatilia kisa cha 2004, walikuta kwamba chanzo kikubwa hakikuwa mahindi ya kuletwa kutoka mbali. Yalikuwa mahindi ya mashamba ya watu hao wenyewe. Kiangazi kilikuwa kimepunguza mavuno, kisha mvua isiyo ya majira ikanyesha wakati wa kuvuna. Kwa njaa, na kwa kuogopa wezi, jamaa nyingi ziliyaingiza mahindi yakiwa bado mabichi ndani ya nyumba wanamolala, yakarundikwa pembeni gizani na joto la watu likiyapasha usiku kucha. Kuvu haihitaji makao mazuri kuliko hayo. Wenye ziada wakauza, na sampuli zilipokusanywa masokoni, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa na sheria.

Serikali ilipeleka mahindi ya msaada badala ya yale yaliyoharibika. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Kuvu yenyewe

Mwaka wa 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Hatimaye ilibainika kwamba lishe yao ilikuwa na mashudu ya njugu karanga kutoka Brazil, na mashudu hayo yalikuwa yameota kuvu inayojulikana na wataalamu kama Aspergillus flavus. Jina la aflatoksini limetokana na jina hilo la kuvu.

Kuvu hii haiji kutoka ng'ambo. Imo udongoni, katika mabua makuukuu na katika magunzi yaliyosahauliwa shambani. Upepo huipeperusha ikatua kwenye nywele za hindi changa. Mmea wenye nguvu waweza kuizuia kwa kiasi, lakini mmea uliodhoofishwa na jua kali hauwezi, na mdudu akitoboa punje amekwisha kuifungulia mlango. Ndiyo sababu sehemu kavu za mashariki ya nchi yetu zimeumia zaidi. Hata hivyo mkulima wa Bonde la Ufa asijidanganye kwamba yeye yuko salama. Akivuna wakati mvua ingali yanyesha, akajaza ghala mahindi yenye unyevu, kuvu itamfuata humo humo.

Kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya. Hudhani kwamba wakiona ukungu wa kijani kwenye punje ndipo kuna sumu, na wasipouona hakuna. Sivyo. Ukungu ni onyo, na mahindi yenye ukungu hayafai kuliwa, lakini mahindi yaliyo safi machoni yaweza pia kuwa na sumu, hasa yakiwa yamesuguliwa na kupepetwa ili yapendeze mnunuzi.

Tena, sumu yenyewe huhitajika kidogo mno. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa hapa Kenya kwa mahindi ya kuliwa ni mikrogramu 10 katika kilo moja. Ikiwa hesabu hiyo haikuelei, ifikirie hivi: gramu 10 za sumu, uzito wa karibu vijiko viwili vya chai vya chumvi, zatosha kuyafikisha kwenye kiwango hicho magunia 11,000 ya kilo 90 kila moja.

Anayekula sumu nyingi kwa muda mfupi hutapika, huumwa na tumbo, miguu na tumbo huvimba, macho hugeuka manjano, na ini lake hushindwa kufanya kazi. Hao ndio tuliowasoma magazetini mwaka wa 2004. Lakini wako wengine wasioandikwa na gazeti lolote, yaani wale wanaokula kidogo kila siku kwa miaka mingi. Hao hawasikii chochote. Aflatoksini imetiwa na mashirika ya afya ya ulimwengu katika orodha ya vitu ambavyo hakuna shaka kwamba huleta saratani, na saratani yenyewe ni ya ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi. Sumu hii ina nguvu ya kumletea saratani hadi mara 30 kuliko mtu asiye na virusi hivyo. Watoto nao, wataalamu wengi wanaihusisha sumu hii na kudumaa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Siwezi kukuambia kwamba ni kuvu iliyowadumaza wote, kwa maana kuna njaa, kuhara na mengineyo. Lakini mtoto aanzaye kula uji wa mahindi akiwa na miezi sita, na akaunywa asubuhi na jioni, hula sumu yote iliyomo kwa mwili mdogo sana.

Maji yana bei

Sasa tuanze safari yetu shambani. Dawa kubwa ya kuvu yajulikana na kila mkulima: ni kukausha. Mahindi yakishuka hadi unyevu wa asilimia 13.5, kuvu haiwezi kukua tena. Si lazima uwe na mashine ya kupimia. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, kisha utikise kwa dakika moja. Iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yako yangali mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, lakini usiyatie guniani bado. Yaanike siku moja au mbili zaidi. Uanike juu ya turubai, wala si juu ya udongo, ambako kuvu inaishi.

Ikiwa jambo ni rahisi hivyo, mbona twaendelea kula sumu? Hapa, msomaji, ndipo penye tatizo ambalo mafunzo mengi ya wakulima hayaligusi. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18. Mkulima mwangalifu akiyaanika mahindi hayo hadi asilimia 13.5, yatabaki kilo 85 hivi. Ametumia siku kadhaa, amenunua turubai, amewafukuza kuku na kuyaingiza mahindi ndani kila wingu lilipotanda, na malipo yake ni kupoteza kilo karibu tano. Jirani yake aliyeuza mabichi siku iyo hiyo ya kupukuchua amepata bei ile ile kwa kilo, maji yakiwamo. Dalali anayenunua hivyo humfundisha mkulima asikaushe. Twaweza kuhubiri hadi sauti zikauke, lakini mpaka mahindi makavu yawe na bei yake na mabichi yawe na yake, mkulima maskini atafuata hesabu.

Dalali naye ana kisa chake. Anayebeba mahindi kutoka kwa wakulima hamsini, gunia hapa na magunia mawili kule, hana njia ya kujua la nani lina sumu. Sumu haisambai sawasawa. Hindi moja bovu laweza kuharibu gunia, na ukichota konzi moja upande wa pili wa gunia hilo usiikute kabisa. Ndiyo maana kupima kwa haki ni kuchota sehemu nyingi za kila gunia, kuzichanganya, kuzisaga, ndipo upime. Kazi hiyo ina gharama, na mfanyabiashara mdogo hawezi kuifanya peke yake kwa magunia yake kumi.

Lakini kikundi kinaweza. Wakulima wa kijiji wakikusanya mahindi yao katika ghala moja, wanaweza kununua kipima unyevu kimoja, turubai kubwa, na hata kukodi mashine ya kukaushia. Serikali ilinunua mashine za kukaushia za kuhamishika na kuanza kuzisambaza mwaka wa 2023 kupitia Bodi ya Nafaka na Mazao. Mashine kama hiyo haina faida kwa mwenye magunia matatu aliye peke yake. Tena iko sheria ya mwaka wa 2019 ya stakabadhi za ghala. Chini ya sheria hiyo mkulima huweka nafaka yake katika ghala lililopewa leseni, ikapimwa ubora, naye akapewa stakabadhi ambayo anaweza kuiuza au kuombea mkopo benki. Maana yake ni kwamba halazimiki kuuza mahindi mabichi wiki ya kuvuna ili alipe karo ya shule. Kwa maoni yangu sheria hiyo ni ya afya kama ilivyo ya biashara, ijapokuwa wakulima wengi hawajaifahamu.

Kwa anayehifadhi nyumbani, siku hizi kuna magunia yasiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi wakifungiwa humo hufa kwa kukosa hewa, hata bila dawa, na kuvu nayo hulemaa. Bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja lisipotobolewa. Usitie humo mahindi mabichi ukitumaini gunia litayakausha. Halikaushi, huhifadhi yale uliyolipa.

Jirani na upepo wake

Iko njia nyingine inayoanza kabla ya mavuno. Watafiti waligundua kwamba si kila kuvu ya jamii hii hutoa sumu. Baadhi ni tasa. Wakazichukua zile tasa za hapa hapa Kenya, wakazipandikiza kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote, na dawa hiyo, Aflasafe KE01, ikasajiliwa kutumiwa nchini mwaka wa 2015. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ina kiwanda cha kuitengeneza huko Katumani, Machakos. Mkulima hutawanya kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, wakati udongo una unyevu. Kuvu tasa humea, huchukua nafasi, na ile yenye sumu ikakosa mahali pa kukaa. Katika majaribio, sumu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ninachokipenda katika dawa hii ni kwamba upepo hautambui mpaka wa shamba. Kuvu ya jirani hukufikia, na ile tasa uliyoitia shambani mwako humfikia yeye. Kijiji kizima kikiitumia, kila mmoja hupata zaidi ya alicholipa. Akiitumia mmoja, anagharimika kwa ajili ya wengi, na mwaka unaofuata atachoka. Kwa sababu hiyo ni kazi ya kaunti, ambazo kwa Katiba ya 2010 ndizo zilizokabidhiwa kilimo, kuinunua kwa wingi na kuwapelekea wakulima pamoja na afisa wa kuwaonyesha. Katiba iyo hiyo, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kuwa na chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Sumu haiwezi kuhesabiwa kuwa ubora unaokubalika.

Kinu, mpaka na jalala

Mahindi yakifika kwenye kinu kikubwa, sheria iko. Tangu mwaka wa 2012 unga wa mahindi unaofungwa na kuuzwa hutakiwa kuongezwa vitamini na madini, na KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, linaweza kuupima wakati wowote. Novemba 2019 shirika hilo lilipiga marufuku aina tano za unga kwa mpigo kwa sababu ya aflatoksini. Hatua hiyo iliwashtua watu, na ilifaa. Lakini jiulize: mahindi yaliyosagwa unga huo yalikuwa yamepita kwa watu wangapi kabla ya siku hiyo? Na vinu vidogo vya vijijini, ambako mama hupeleka debe lake na kungoja, havipimi chochote. Huko mpimaji ni mwenye debe mwenyewe.

Machi 2021 tulijaribu njia nyingine. Mahindi kutoka Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani kwa kuwa na sumu nyingi. Baada ya siku chache marufuku ikaondolewa kwa masharti: wanaoleta mahindi wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango. Masharti hayo yalikuwa bora kuliko kufuli. Kufunga mpaka hakukaushi gunia hata moja, na kuvu ya Busia ni ile ile upande huu na upande ule. Nchi ambayo mara nyingi haivuni mahindi ya kutosha itayaleta kwa njia za panya ikiyafungia barabara kuu.

Nilikuomba ukumbuke mahindi ya msaada ya mwaka wa 2004. Mahindi yakikataliwa kwenye kinu, huenda wapi? Ni nadra kuzikwa. Lori hugeuza likatafute kinu kingine, au mwenyewe huyachanganya na mazuri ili sumu ifichike, au huyauza kwa bei ya chini kama chakula cha ng'ombe na kuku. Yakiliwa na ng'ombe, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, tukainywa kwenye chai. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Mwambie mama mwenye watoto watano kwamba gunia pekee alilo nalo lina sumu, alimwage. Atakuitikia kwa heshima, na ukiondoka atalipika, kwa sababu njaa itaua wiki hii na saratani ni ya miaka ishirini ijayo. Mwaka wa 2004 watu walipewa mahindi mengine badala ya mabovu. Naamini hiyo ndiyo njia pekee ya kuyatoa mabovu mikononi mwa watu, na ingefaa iwe na fungu lake katika bajeti kila mwaka, si wakati wa maiti tu.

Jikoni

Wewe uliye mwisho wa safari una kazi yako. Ugali huchemka kwa nyuzi 100 hivi. Aflatoksini haivunjiki mpaka joto lizidi nyuzi 200. Kwa hivyo usitumaini sufuria. Chagua mahindi kabla ya kuyapeleka kinuni, utoe yaliyovunjika, yaliyotobolewa, yaliyobadilika rangi na yaliyosinyaa, kwa maana sumu nyingi hukaa katika hayo. Usiyatupie kuku wala mbwa, na usiyafanyie pombe. Kukoboa pia husaidia sana, kwani ganda na kiini huondoka na sehemu kubwa ya sumu. Wakamba wanaokula muthokoi walikuwa na hekima hiyo kabla ya maabara, ingawa muthokoi wa mahindi mabovu bado una sumu. Makapi yake usimpe ng'ombe wa maziwa.

Mama wa mtoto mchanga, nakusihi juu ya ule unga wa uji wa mchanganyiko, wenye mahindi, wimbi, njugu, soya na kadhalika. Kila nafaka unayoiongeza ni mlango mmoja zaidi wa kuvu, na njugu ndizo mbaya zaidi zikiwa chafu. Wimbi peke yake, au mtama, ukiwa mkavu na safi, hutengeneza uji mzuri. Njugu saga kando, kidogo kidogo, ulizochagua kwa mkono. Uhakikishe pia kwamba mtoto amepata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ile ya homa ya ini aina ya B imo ndani yake tangu 2001.

Kwa jamaa nzima, usile mahindi asubuhi, mchana na jioni. Uji, githeri na ugali ni majina matatu ya punje moja. Siku mbili tatu kwa wiki tia viazi vitamu, muhogo, ndizi au mchele. Mtama na wimbi huvumilia kiangazi kuliko mahindi, na mkulima wa sehemu kavu anayevipanda hupunguza njaa na sumu kwa jembe moja.

Mwisho, ukiona watu wawili au zaidi wa nyumba moja wamegeuka macho manjano, au mbwa na kuku wanakufa wakati huo huo, usimtafute mchawi. Wapeleke hospitalini upesi, uchukue mfuko mdogo wa mahindi au unga waliokula ukaupimwe, na umwarifu afisa wa afya ya umma siku hiyo hiyo. Huenda mahindi kama hayo yako katika nyumba ya pili na ya tatu, na huko bado hawajapika cha jioni.